Maputo Yaliyohesabu Chembe za Ncha ya Kusini

Agosti 1911, katika kibanda cha mbao pale Cape Evans, kisiwa cha Ross, Antaktika, watu wawili wa msafara wa Kapteni Robert Falcon Scott walikuwa wakishughulika na anga, kila mmoja kwa njia yake. Edward Wilson, daktari aliyekuwa pia mchoraji, alitoka nje akaona mawingu ya ajabu. Jua lilikuwa halijachomoza tangu Aprili, lakini mwanga wake ulishaanza kupenya kutoka chini ya upeo, na huko juu sana mawingu hayo yalimeremeta waridi, kijani na zambarau kama upande wa ndani wa kombe la chaza. Wilson akayachora kwa rangi za maji.

Mwenzake George Simpson, mtaalamu wa hali ya hewa, alikuwa na kazi ya kurusha maputo madogo yaliyojazwa haidrojeni. Chini ya kila puto alifunga chombo chepesi cha kuandika jotoridi na kanieneo ya hewa, na kwenye chombo alifunga uzi mrefu wa hariri uliojifungua kadiri puto lilivyopaa. Utambi uliokuwa ukiungua polepole ulikata kamba, puto likaenda zake, chombo kikaanguka, na mtu akaufuata uzi juu ya barafu hadi kukipata. Mara nyingi uzi ulikatika na kazi ya siku nzima ikapotea.

Kazi hizo mbili ziliishi katika kibanda kimoja bila kujuana. Maputo ya Simpson hayakuweza kufika yalipokuwa mawingu ya Wilson, na mwaka ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kutaka yafike. Ilipita miaka 75 kabla watu hawajarudi kwenye kisiwa hichohicho na maputo yenye uwezo wa kuingia ndani ya mawingu yale na kuhesabu, moja baada ya nyingine, chembe zinazoyaunda. Safari hii sababu ilikuwepo, tena kubwa: anga ya dunia ilikuwa imetoboka, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kabla ya kufika huko, puto lenyewe lilikuwa na safari yake. Mwaka 1897 Salomon August Andrée wa Uswidi alipanda puto na wenzake wawili, Nils Strindberg na Knut Frænkel, wakaondoka Svalbard wakitarajia kuvuka Ncha ya Kaskazini. Siku tatu baadaye puto lilitua barafuni, na mabaki yao hayakupatikana hadi 1930, kwenye kisiwa cha Kvitøya. Maarifa ya anga za juu yaliletwa na maputo yasiyobeba mtu. Mwaka 1902 Mfaransa Léon Teisserenc de Bort, baada ya kurusha maputo zaidi ya 200 kutoka Trappes karibu na Paris, alitangaza kwamba hewa haiendelei kupoa bila mwisho. Ikifika kama kilomita 11 baridi hukoma kuongezeka, na juu ya hapo kuna tabaka jingine kabisa, ambalo leo linaitwa stratosfia. Mwaka huohuo Richard Assmann wa Ujerumani, aliyetumia maputo ya mpira, alifikia jibu lilelile.

Je, ilikuwa hivyo kila mahali? Mwaka 1908 Arthur Berson na Hermann Elias walikuja Afrika Mashariki wakarusha maputo yao katika Ziwa Victoria. Walikuta kwamba juu ya ikweta hewa huendelea kupoa hadi kimo kikubwa zaidi kuliko Ulaya, na huko juu baridi yake huwa kali kupita ile ya Ulaya. Lilikuwa jambo la kushangaza, kwani nchi ya joto ilikuwa na anga ya juu yenye baridi kuliko nchi ya theluji. Somo lake lilikuwa wazi: anga ya juu haifuati hali ya ardhi iliyo chini yake, na anayetaka kuijua lazima apeleke chombo. Wataalamu wa ncha za dunia walilifuata somo hilo. Januari 1930 Pavel Molchanov wa Umoja wa Kisovieti alirusha kutoka Pavlovsk chombo kilichotuma vipimo vyake kwa redio, na mwaka uliofuata alikwenda Aktiki ndani ya chombo cha angani Graf Zeppelin na kuviachia vyombo vya aina hiyo kutoka hukohuko juu. Uzi wa hariri haukuhitajika tena.

Hadi hapo maputo yalikuwa yakipima joto, kanieneo na upepo. Chembe zilikuja baadaye, na mwanzoni zilionekana jambo dogo. Ilijulikana kwamba mlipuko wa Krakatau wa 1883 uliyapaka machweo ya dunia nzima rangi nyekundu kwa miezi mingi, kwa hiyo vumbi la volkano lilifika juu sana. Lakini je, katika miaka isiyo na mlipuko? Mwishoni mwa miaka ya 1950 Christian Junge, mtaalamu kutoka Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alirusha maputo yaliyonasa chembe za stratosfia. Alikuta, kwenye kimo cha kama kilomita 20, tabaka la kudumu la vitone vidogo mno vyenye salfa ndani yake. Alilitangaza mwaka 1961, na hadi leo lina jina lake.

Kunasa chembe na kuzipeleka maabara kulikuwa kazi ya polepole. James Rosen, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitengeneza chombo cha kuzihesabu papo hapo. Pampu ndogo huvuta hewa kupitia mwale wa taa. Chembe inapokatiza mwale hutawanya mwanga kidogo, jicho la kielektroniki huunasa mmweko huo, na ukubwa wa mmweko hueleza ukubwa wa chembe. Chombo kilikuwa na macho mawili yaliyotazama mahali pamoja. Mmweko ulioonwa na jicho moja tu ulitupwa, kwani huenda ulitokana na vurugu za umeme au mionzi ya angani. Kwa njia hiyo kiliweza kuona chembe yenye upana wa theluthi moja tu ya mikromita, ilhali unywele wa binadamu una upana wa mikromita 70 hivi. Matokeo yake ya kwanza, hadi kimo cha kilomita 30, yalichapishwa mwaka 1964.

Rosen alihamia Chuo Kikuu cha Wyoming, na huko akashirikiana na David Hofmann. Kuanzia 1971 walirusha vyombo hivyo kutoka mji wa Laramie mwaka baada ya mwaka. Ilikuwa kazi isiyo na kishindo: kujaza puto, kuliachia, kusubiri ishara za redio, kuchora mchoro, kisha kurudia. Volkano ya El Chichón ilipolipuka Mexico mwaka 1982, waliona wingu lake likifika juu ya Wyoming na kuenea. Walikuwa wamejenga ustadi ambao watu wachache duniani walikuwa nao, na hawakujua bado kwamba ungehitajiwa mbali sana na Wyoming.

Habari za kuogofya zilianza kusikika 1984. Shigeru Chubachi, Mjapani aliyekuwa amekaa kituo cha Syowa huko Antaktika mwaka 1982, alieleza kwenye mkutano wa wataalamu nchini Ugiriki kwamba ozoni, gesi ya stratosfia inayoikinga dunia na mionzi mikali ya jua, juu ya kituo hicho ilikuwa ndogo isivyo kawaida wakati wa majira yao ya kuchipua. Wachache walimsikiliza. Mei 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wa Uingereza walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya kituo cha Halley, nacho cha Antaktika, vilivyoanza tangu miaka ya 1950. Kila Oktoba ozoni ilikuwa ikipungua, kutoka yuniti 300 hivi za kipimo cha Dobson hadi chini ya 200. Setilaiti ya Marekani ilikuwa imeviona viwango hivyo pia, lakini programu ya kompyuta iliviwekea alama ya shaka kwa kuwa vilikuwa vya chini kuliko ilivyodhaniwa kuwezekana. Vilipotazamwa upya, tundu lilionekana limefunika bara zima.

Wataalamu wakagawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lililaumu jua, kwamba mizunguko ya nguvu zake huzalisha gesi za naitrojeni zinazokula ozoni. La pili lililaumu upepo: majira ya kuchipua yanapoanza, hewa ya chini yenye ozoni kidogo hupanda juu na kuisukuma kando ile yenye ozoni nyingi, kwa hiyo hakuna kinachoharibiwa, ni kuhama tu. La tatu lililaumu klorini itokanayo na gesi za CFC, zile za majokofu na makopo ya kupuliza. Mario Molina na Sherwood Rowland walishaonya juu ya gesi hizo mwaka 1974, lakini hesabu zao zilitabiri upungufu mdogo wa polepole, tena kwenye kimo cha kilomita 40 hivi. Tundu lile lilikuwa kubwa, la ghafla, na hakuna aliyeeleza kwa nini litokee Antaktika.

Dokezo lilitoka kwenye mawingu. Setilaiti Nimbus 7, iliyorushwa Oktoba 1978, ilikuwa na chombo kilichotazama machweo na macheo kupitia ukingo wa angahewa. Mwaka 1982 Patrick McCormick na wenzake walionyesha kwamba katika majira ya baridi stratosfia ya ncha hujaa mawingu mengi kuliko yeyote alivyodhani. Mwaka 1986 Susan Solomon na wenzake walipendekeza kwamba kemia ya kawaida ya gesi haitoshi, na kwamba juu ya uso wa chembe za mawingu hayo klorini iliyotulia huamshwa. Mwaka huohuo Paul Crutzen na Frank Arnold walisema chembe hizo huenda ni asidi ya nitriki iliyoganda pamoja na maji, nazo huanza kuganda kwenye baridi ya nyuzi hasi 78 hivi za Selsiasi, mapema kuliko barafu ya maji peke yake.

Likabaki jambo moja: mtu aende akapime. Agosti 1986 ndege kutoka Christchurch, New Zealand, iliwashusha wanasayansi katika kituo cha McMurdo, kisiwa cha Ross, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka kibanda cha Wilson na Simpson. Kiongozi wao alikuwa Solomon, mwenye umri wa miaka 30. Timu zilikuwa nne. Tatu zilikuja na vyombo vya kutazama gesi kutoka ardhini, na ya nne, ya Hofmann kutoka Wyoming, ilikuja na maputo.

Kurusha puto McMurdo mwezi Agosti si mchezo. Jua ndiyo kwanza linarejea na mchana ni wa saa chache. Mpira hukakamaa kwenye baridi na kupasuka kabla ya kufika juu, kwa hiyo maputo ya plastiki nyembamba ndiyo yenye kutegemewa. Betri hufa upesi, na vyombo hufungwa ndani ya maboksi ya povu ili joto lake dogo lisitoroke. Upepo ukizidi, puto hupigwa ardhini kabla halijapaa. Chombo cha ozoni kilivuta hewa kupitia kimiminika chenye iodini, ozoni ikazalisha mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo ukatumwa kwa redio. Maputo mengine yalibeba vihesabu chembe vya Rosen.

Kati ya Agosti 25 na Novemba 6 timu hiyo ilipima ozoni kwa maputo mara 33. Mtazamaji wa ardhini au wa setilaiti huona jumla ya ozoni iliyo juu ya kichwa chake. Puto hupanda ngazi kwa ngazi na kusema ozoni imepotea wapi. Jibu lilikuwa dhahiri: jumla ilipungua kwa asilimia 35 hivi, na karibu upungufu wote ulikuwa kati ya kilomita 12 na 20. Hapo nadharia ya jua ilianza kuyumba, kwani gesi zake zingepaswa kushambulia kutoka juu zaidi.

Nadharia ya upepo ilijibiwa na chembe. Kama hewa ya chini ingekuwa inapanda, lile tabaka la Junge lingeinuliwa pamoja nayo, na vihesabu vingelikuta juu zaidi wiki hadi wiki. Halikuinuka. Vipimo vilionyesha hewa ikishuka, na tabaka likishuka nayo. Chembe ambazo kwa miaka 15 zilihesabiwa Laramie ili kufuatilia volkano zikawa shahidi wa mwendo wa hewa: ozoni haikuhama, iliharibiwa hapohapo. Timu nyingine nazo zilikuta kiasi kikubwa cha klorini iliyoamka. Oktoba, wangali barafuni, waliwaambia waandishi wa habari kwamba ushahidi unaelekea kwenye kemia. Waliotetea upepo hawakufurahi, na mabishano yakaendelea mwaka mzima.

Mwaka uliofuata maputo yalirushwa tena McMurdo, na safari hii ndege za utafiti ziliruka kutoka Punta Arenas, Chile, moja ikipenya tundu lenyewe kwenye kimo cha kilomita 18 hivi. Vyombo vya mtafiti James Anderson vilionyesha kwamba ndege ilipoingia eneo la tundu klorini iliyoamka ilipanda ghafla, na palepale ozoni ikaporomoka. Mojawapo ya safari hizo ilikuwa ya Septemba 16, 1987, siku ileile nchi zilipotia saini Mkataba wa Montreal wa kupunguza gesi za CFC.

Mambo yakaeleweka hivi. Majira ya baridi upepo mkali huizunguka ncha na kuifungia hewa ndani, bila jua, mpaka baridi inapita nyuzi hasi 80. Klorini ya CFC wakati huo imefungwa katika hifadhi mbili, kloridi ya haidrojeni na nitrati ya klorini, ambazo zikielea hewani haziidhuru ozoni. Zikikutana juu ya uso wa chembe za mawingu, hubadilishana: gesi ya klorini hutoka, na asidi ya nitriki hubaki ndani ya chembe. Chembe zikikua hudondoka, zikiondoka na ile naitrojeni ambayo ingeweza kuifunga klorini upya. Jua likirudi huipasua gesi ya klorini, na uharibifu unaanza. Ndiyo maana tundu hutokea Antaktika, na ndiyo maana hutokea majira ya kuchipua: linahitaji baridi kwanza, kisha mwanga.

Kujua kwamba chembe zipo hakukutosha. Ilibidi kujua ni chembe za namna gani. Vihesabu vya Wyoming vilionyesha mchanganyiko: vitone vidogo vingi vya asidi ya salfuriki vilivyovimba kwa baridi, na chembe kubwa chache zenye asidi ya nitriki. Wazo la Crutzen na Arnold lilikubalika kwa miaka mingi bila mtu kuishika chembe yenyewe. Januari 2000 puto kubwa liliruka kutoka Esrange karibu na Kiruna, kaskazini mwa Uswidi, likiwa na chombo cha taasisi ya Max Planck ya Heidelberg kinachochambua muundo wa chembe. Likipita ndani ya wingu, chombo kilipima molekuli tatu za maji kwa kila moja ya asidi ya nitriki, uwiano uleule uliobashiriwa. Hoja ya mwaka 1986 ilikuwa imepata ushahidi wake.

Huko McMurdo, Terry Deshler wa Wyoming aliendeleza kazi ya Hofmann msimu baada ya msimu, na mwaka 1991 palitokea jambo lililobadili mtazamo. Juni mlima Pinatubo ulilipuka Ufilipino, na Agosti ukafuata mlima Hudson nchini Chile. Septemba maputo yalikuta chembe za Hudson juu ya McMurdo, kati ya kilomita 10 na 12, mahali ambapo kwa kawaida ozoni husalimika. Mwaka huo haikusalimika. Moshi wa Pinatubo nao ulifika na kukaa, na Oktoba 1993 maputo ya Ncha ya Kusini yalipima chini ya yuniti 100, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Vitone vya volkano vilikuwa vikifanya kazi ya mawingu, tena mahali ambapo baridi peke yake isingetosha kuyaumba.

Mwaka 2010 mbinu ikabadilika. Katika mradi wa Concordiasi, wataalamu wa Ufaransa na Marekani waliachia kutoka McMurdo maputo 19 ya plastiki imara yasiyopasuka wala kushuka. Yalielea kwa majuma na miezi ndani ya hewa ileile iliyofungwa na upepo wa ncha, baadhi yakiwa na vihesabu chembe na vipima ozoni. Puto la kawaida hukata tabaka kwa saa chache. Haya yalisafiri na hewa na kuona kinachoipata.

Wakati huo Mkataba wa Montreal ulikuwa umeanza kuzaa matunda. Sekretarieti yake ya ozoni iko Nairobi, mji ambao nao hurusha maputo ya kupima ozoni ya ikweta, na Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali kuuongezea kipengele cha gesi zilizochukua nafasi ya CFC. Mwaka huohuo Solomon na wenzake walitangaza kwamba tundu la mwezi Septemba lilikuwa limepungua kwa kilomita za mraba milioni nne hivi tangu 2000. Walitumia vipimo vya setilaiti pamoja na vya maputo ya Ncha ya Kusini na Syowa. Lakini mwaka 2015 tundu lilikuwa kubwa kupita kiasi, na chanzo walichokionyesha ni chembe: mlima Calbuco wa Chile ulikuwa umelipuka Aprili ya mwaka huo. Moshi wa mioto ya Australia ya 2019 na 2020 ulifika stratosfia pia, na ukaonekana kuamsha klorini.

Hapo ndipo historia hii ilipofika. Klorini ina mkataba, na makadirio ya kimataifa ya 2022 yanasema anga ya Antaktika itarejea hali ya mwaka 1980 kama ifikapo 2066. Chembe hazina mkataba. Volkano hulipuka bila kuomba ruhusa, misitu inaungua zaidi, na wapo wanaopendekeza kumwaga salfa kwa makusudi katika stratosfia ili kuipoza dunia. Kila pendekezo la namna hiyo litapimwa kwanza kwa swali lililojibiwa McMurdo: chembe ngapi, za ukubwa gani, kwenye kimo kipi, na baridi ikiwa kiasi gani. Klorini ingali juu, na haitakwisha katika kizazi hiki. Kwa hiyo vihesabu chembe vitaendelea kuhitajika kwa miaka mingi, ikiwemo ile ambayo anga itaonekana imetulia, kwani bila hesabu za miaka iliyotulia kule Laramie, timu ya Hofmann isingejua mwaka 1986 ilichokuwa ikikiona.